Mutisya wa Munge, fundi wa Wamunyu aliyewapa hoteli twiga wao

Bila shaka umewahi kumpita twiga huyu. Anasimama kando ya lifti kwenye hoteli fulani ya Nairobi, au nyuma ya meza ya mapokezi katika ofisi ya bima, au dukani uwanja wa ndege, shingo imesuguliwa hadi inang'aa kama kiatu cha askari. Huenda ulimwegemea ukapiga selfi. Hukuuliza ni nani aliyemchonga, na hata ungeuliza, mlinzi angekujibu tu kwamba ni kazi ya Wakamba, mazungumzo yakaisha.

Ni kweli, ni kazi ya Wakamba. Lakini hebu fikiria: Wakamba hawakuamka asubuhi moja wakajikuta wote wameshika tezo. Hii biashara ya kuchonga watu na wanyama wa mbao ili wauzwe ina mwanzo unaojulikana, na mwanzo wenyewe ni mtu. Aliitwa Mutisya wa Munge. Kwao ni Wamunyu, kituo ambacho wewe mtu wa Kitui unakipita kila ukitoka Nairobi kwa njia ya Machakos, kichwa kimeegemea dirisha la matatu, muziki uko juu, na huna habari.

Leo Wamunyu iko Kaunti ya Machakos. Kama wewe ni wa Makueni, usikunje uso. Hadi 1992 Makueni ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Machakos, na wakati wa Mutisya hakuna aliyeijua mipaka hii tunayobishania mitandaoni. Ukambani ilikuwa Ukambani, kuanzia vilima vya Mbooni hadi nyika za Kitui.

Namsimulia mzee huyu kwa sababu kuna jambo linanikera. Kazi iliyoanzia mikononi mwake imeingia katika nyumba na hoteli za dunia nzima. Sasa tazama majengo mapya yanayochipuka Wote, Kitui, Mwingi na Emali: vioo vya bluu, vigae vinavyoteleza, kuta zilizopakwa rangi ya kampuni ya simu. Kinyago cha Mkamba, kama kipo, kimewekwa juu ya rafu. Ukutani hakimo. Mlangoni hakimo. Ilikuwaje sanaa ya nyumbani ikawa mgeni katika nyumba za kwao? Jibu, kwa maoni yangu, limo katika maisha ya Mutisya mwenyewe.

Alizaliwa miaka ya mwisho mwisho ya karne ya 19, na huo haukuwa wakati wa raha. Karne ilipokuwa ikiisha, Ukambani ilipigwa na njaa kubwa ambayo wazee waliiita Ngomanisye. Watu walihama, wengine hawakurudi. Wakati huohuo reli ya Waingereza ilikuwa ikipanda kutoka Mombasa. Ilipita Mtito Andei, Kibwezi na Makindu, na 1899 ikafika mahali ambapo leo tunapaita Nairobi. Kizazi cha Mutisya kilikua kikisikia honi ya dunia nyingine kabisa.

Lakini kilikua pia miongoni mwa watu wenye mikono. Usidanganywe kwamba Mkamba alifundishwa kila kitu na mgeni. Tayari palikuwa na wafua chuma, watengenezaji mishale na mafundi wa mbao. Hao wa mbao walichonga vijiko, vinu, na zaidi ya yote vigoda vya miguu mitatu ambavyo mpaka leo makumbusho ya Ulaya yanaviweka ndani ya kioo. Kigoda kilitoka katika kipande kimoja cha mti. Fundi akishamaliza kukilainisha alichukua nyaya nyembamba za shaba au chuma, akazigongomea kwenye uso wa kiti, mviringo ndani ya mviringo, mpaka mbao na madini vikawa kitu kimoja. Mzee alitembea nacho. Akifika barazani anakikalia. Ona basi: pambo lilikuwa ndani ya kitu cha kutumiwa, halikuwekwa kando ili litazamwe. Hatujafika kwenye majengo bado, lakini lishike hilo.

Mutisya alikuwa mmoja wa mafundi hao kabla ya jambo lolote lingine. Alijua mti upi unapasuka ukikauka na upi hautapasuka, na mkono wake ulisifika pale kwao. Kama dunia ingetulia, angechonga vigoda na vijiko maisha yake yote, na leo mimi na wewe tusingelijua jina lake.

Dunia haikutulia. Vita vikaja 1914.

Kama umewahi kununua kiondo au makubazi Kariokor, Nairobi, au umetembea Kariakoo ya Dar es Salaam, basi umetaja jina la vita hivyo bila kujua. Majina yote mawili yametokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha Waingereza. Upande wa pili wa mpaka, katika nchi tuliyokuja kuiita Tanganyika, walikuwapo Wajerumani. Barabara hakuna, malori yanakwama, ng'ombe na punda wanauawa na mbung'o. Kila gunia la unga na kila sanduku la risasi lilikwenda juu ya kichwa cha mtu. Waafrika wa Kenya walichukuliwa kwa maelfu kwa maelfu, na Ukambani ilitoa watu wake. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa, na wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara, malaria na njaa.

Mutisya alikuwa miongoni mwa wale waliopelekwa kusini katika huduma ya vita. Dar es Salaam iliangukia mikononi mwa Waingereza Septemba 1916, na mapigano yakazidi kusogea kusini hadi Novemba 1918. Katika miaka hiyo, mahali fulani kati ya kubeba na kungoja, fundi wa Wamunyu akakutana na mafundi wenzake wa nchi nyingine.

Ukisikia habari hii mtaani, wengi watakuambia kwamba mafundi hao walikuwa Wamakonde. Ni kwa sababu Wamakonde ndio wenye jina kubwa leo. Maandishi ya wataalamu waliochunguza biashara ya vinyago miaka ya 1950 yanataja Wazaramo, wenyeji wa maeneo ya karibu na Dar es Salaam, na mimi nakubaliana nayo. Wazaramo walikuwa na mazoea ya zamani ya kuchonga umbo la binadamu: mwana hiti, kisanamu kidogo alichopewa msichana wakati wa unyago, vichwa vya watu kwenye fimbo, nguzo za makaburini. Na kwa kuwa walikuwa karibu na pwani na misheni, walikwisha kujua kwamba Mzungu anaweza kutoa pesa kwa ajili ya mtu wa mbao.

Kushika tezo Mutisya hakuhitaji kufundishwa. Kilichomgusa ni wazo. Kwao fundi alitengeneza kiti kwa sababu mzee fulani alihitaji kiti. Huku aliona mtu akichonga kitu kisichokaliwa, kisichopikia, kisicho cha mzee yeyote, na mgeni asiyejua hata jina la mchongaji anatoa sarafu, anakiweka mfukoni na kwenda zake. Pia aliona mpingo ukifanywa mtu: mti mgumu mpaka tezo linalia, ndani mweusi tititi. Mpingo haukuwa mti wa ajabu kwake. Unaota Ukambani pia, na Wakamba wanauita muvingo. Kumbe mali ilikuwa nyuma ya boma muda wote huo.

Vita vikaisha, Mutisya akarudi Wamunyu. Wengine walirudi na kikohozi, wengine na medali, wengine hawakurudi. Yeye alirudi na wazo lile.

Inasimuliwa kwamba mwanzoni alijificha. Alikwenda kuchongea porini, mbali na macho ya watu, ili asiigwe. Ukifikiria vizuri utamwelewa. Siku hizi ukipata soko la kitu kipya unablok majirani wote kwenye WhatsApp. Yeye alitumia kichaka. Alichonga vijiko vyenye mapambo, fimbo, sanamu za watu, akawauzia wamisionari, walowezi na maofisa wa serikali. Pesa ilipoanza kuonekana nyumbani, siri haikukaa. Ndugu zake wakajua. Akawafundisha. Nao wakawafundisha wengine, na kabla ya muda mrefu chini ya kila mti wenye kivuli Wamunyu palikuwa na mtu ameketi chini, nyayo zake mbili zimekishika kipande cha gogo, tezo linapanda na kushuka.

Kwangu mimi hapa ndipo ulipo ukubwa wa Mutisya. Kuchonga wengi walichonga. Lakini alikuwa na kitu ambacho angeweza kufa nacho, kikawa mali ya familia moja kwa vizazi vitatu, na badala yake kikawa kazi ya eneo zima lisilo na mvua ya kutegemewa. Mvua ikikosekana Ukambani, mahindi hukauka. Tezo halikauki. Kuna watoto wengi sana waliolipiwa karo na vifaru wa mbao.

Ngoja nikuonyeshe jinsi kazi inavyokwenda, kwa sababu ndani yake kuna jibu la swali letu. Gogo hukatwa kwa shoka likapata umbo la kukisia. Kisha tezo, na hapo ndipo fundi anapojulikana: hachori, hapimi, macho yake yameshamwona swala ndani ya mti. Kisu na patasi hufuata kwa masikio, kwato na macho. Halafu msasa, wa kukwaruza kwanza, wa laini baadaye, na kazi hii mara nyingi hufanywa na mikono mingine, ya wanawake au vijana. Mwisho ni kung'arisha. Mti ukiwa mweupe na mnunuzi anataka mweusi, rangi ya viatu imesaidia mara nyingi, usimwambie mtalii. Kwa hiyo swala mmoja amepita mikononi mwa watu watatu, wanne. Nani atie sahihi? Na mnunuzi mwenyewe hakuomba sahihi. Alitaka Afrika, hakutaka Mutisya.

Vita vya Pili vya Dunia vikaifungulia kazi hiyo mlango. Wakamba walikuwa wengi katika jeshi la King's African Rifles, walipelekwa mbali hadi Burma, na wanajeshi wa Uingereza waliopitia Kenya walitaka zawadi ya kurudi nayo kwao. Baada ya vita wachuuzi wa Kikamba walitembeza vinyago Nairobi, Mombasa, Kampala, Dar es Salaam, na mizigo ikaanza kupanda meli kwenda Ulaya na Marekani. Wachongaji wakawa maelfu. Miaka ya 1960 wakajipanga katika vyama vya ushirika: Wamunyu kwenyewe, na Changamwe, Mombasa, ambako vijana kutoka kila pembe ya Ukambani, Kitui na Makueni zikiwemo, walishuka kwenda kutafuta riziki kwa tezo. Gikomba, Nairobi, nako wakajaa.

Na hapo ndipo wasomi walipoanza kuidharau kazi. Walitunga hata jina la kuikejeli, sanaa ya uwanja wa ndege. Twiga mia moja wanaofanana, sura zilezile za Wamaasai, vijiko vya saladi. Sitabisha sana: ukipita kwenye vibanda vya barabara ya Mombasa kule Mtito Andei utakubali kwamba kuna twiga wengine ambao hata mama yao hawezi kuwatofautisha. Ila mtu akikuagiza simba 200 kwa bei ya kutupa kabla ya Krismasi, utachonga simba 200. Aliyeua ubunifu ni nani, mwenye tezo au mwenye pochi?

Sasa rudi mjini.

Mwaka 1928, Nairobi ilizinduliwa sanamu ya kuwakumbuka Waafrika na Waarabu wa vita vile vilivyomchukua Mutisya. Iko mpaka leo Kenyatta Avenue. Wanaume watatu wa shaba nyeusi, na mmoja wao ni mpagazi. Umepita hapo mara ngapi ukikimbilia matatu? Aliyewatengeneza ni Mwingereza, James Stevenson, na walikuja kwa meli wakiwa wamekamilika. Mpagazi hana jina. Wakati huo Wamunyu, safari ya siku moja kutoka hapo, palikuwa tayari na watu wanaochonga binadamu kila siku, baadhi yao ni wapagazi wenyewe. Hakuna aliyewaita.

Mazoea hayo hayakufa na ukoloni. Jumba la KICC lilipokamilika 1973, kazi ya msanifu Karl Henrik Nøstvik wa Norway akishirikiana na David Mutiso, Mkenya, lilikuwa jengo la kutufanya tutembee kifua mbele, na hadi sasa sijaona jengo zuri zaidi ya lile. Lakini Mzee Jomo Kenyatta wa shaba anayeketi pale uwanjani alitengenezwa na James Butler, Mwingereza mwingine. Hilo lilikuwa miaka kumi baada ya uhuru, na wachongaji Wakenya walikuwa maelfu.

Si kwamba haiwezekani. Mwaka 1959 Elimo Njau, kijana wa Kilimanjaro aliyesomea Makerere, alipaka picha tano kubwa kwenye kuta za kanisa kuu la Kianglikana la Murang'a. Yesu anazaliwa na kusulubiwa katika nchi ya migomba na vilima vya pale pale. Huwezi kuzibeba picha hizo ukaenda nazo, ni ukuta. Mwaka 1962 Gregory Maloba kutoka Mumias aliijengea Kampala mnara wa uhuru, mama anayemwinua mtoto juu, na mji ukaupanga mtaa kuuzunguka. Na muda mrefu kabla ya hao wote, mafundi wa Lamu, Mombasa na Unguja walikuwa wanachonga milango. Mwarabu, Mhindi, Mswahili, kila tajiri alijenga nyumba akianzia mlango, na mlango ulisimama hata nyumba ilipobomoka. Mchonga milango hakungoja mtalii. Mteja wake alikuwa jirani.

Hii ndiyo tofauti kati ya mlango wa Lamu na twiga wa Wamunyu. Ufundi ni uleule na mbao ni zilezile. Kinachotofautiana ni mteja. Kigoda cha babu yake Mutisya kilikuwa na mteja wa kijijini, kwa hiyo kilikuwa sehemu ya maisha ya kijiji. Vita vilimwonyesha Mutisya mteja mpya, mwenye pesa lakini mpita njia, anayetaka kitu kinachoingia kwenye sanduku la safari. Ukimchongea mpita njia maisha yako yote, kazi yako inajifunza kuwa ndogo, nyepesi na isiyo na anwani. Ukuta hauingii sandukuni.

Simlaumu. Nani angeweza kumwagiza ukuta mwaka 1920? Serikali ilikuwa ya mkoloni, mawe ya kujengea ya mkoloni, ramani ya mkoloni. Lakini leo bajeti ya jengo la kaunti inapitishwa na watu tuliowapigia kura, Kitui na Wote. Mwaka 2017 reli mpya ilipoanza kubeba abiria kati ya Mombasa na Nairobi, ikipitia Makueni na vituo vyake vya Mtito Andei, Kibwezi na Emali, wajenzi walijaribu angalau kuyapa majengo maumbo ya nyumbani: kituo cha Mariakani kina umbo la mnazi, cha Miasenyi kina milia ya punda. Nawapa alama kwa kujaribu. Ila wazo la mnazi kwenye karatasi ya msanifu si sawa na fundi wa mahali kuitwa na kuambiwa kwamba ukuta huu ni wako.

Na hapa lipo tatizo la mti, ambalo Mutisya hakuliwaza. Mpingo unahitaji miaka 70 na zaidi kabla haujafaa. Ulipopungua Ukambani, wachongaji walihamia muhugu, mti wa misitu ya Nairobi na ya pwani. Muhugu huohuo ulikuwa ukikatwa na kufanywa vipande vya sakafu. Kwa hiyo katika baadhi ya majengo ya zamani ya mjini, mti wa mchongaji umo kweli, lakini chini ya viatu vya watu, na juu yake pamewekwa twiga. Muhugu nao ukaanza kwisha. Tangu miaka ya 1990 wahifadhi wa mazingira, WWF wakiwa miongoni mwao, wamekuwa wakiwahimiza wachongaji watumie mwarobaini, mwembe, jakaranda na miti mingine inayopandwa na kukua upesi. Wengi wamebadilika. Mwarobaini una harufu kali na vumbi lake linachoma pua, lakini unachongeka.

Wewe wa Kitui na Makueni una mti mwingine ambao hukuletewa na mtu. Unaitwa mukau. Huota katika ukavu wenu, mchwa hauwezi kuula kwa urahisi, na mbao zake nyekundunyekundu zinafaa milango, fremu na samani. Taasisi ya utafiti wa misitu, KEFRI, ikisaidiwa na Wajapani, imeanzisha mashamba ya mbegu bora za mukau mahali pawili: Tiva, Kitui, na Kibwezi, Makueni. Mukau uliopandwa leo unaweza kupasuliwa mbao baada ya miaka kumi hadi 15. Hivyo mlango wa ofisi ya kaunti itakayojengwa wewe ukiwa na miaka 35 unaweza kuwa mche sasa hivi, kwenye mkebe wa plastiki.

Najua utaniambia mlango wa kuchonga ni ghali na ule wa kutoka China unafika ukiwa na bawaba zake. Sawa. Lakini mlango ule ukiingia maji wakati wa mvua za Novemba unavimba kama mandazi, unaitiwa fundi, unatupwa, unanunuliwa mwingine. Piga hesabu ya miaka 30. Na katika hesabu hiyo weka mishahara ya wachongaji wawili waliokaa kazini miezi sita badala ya kumaliza simba 200 wa kutupa.

Mwenyewe Mutisya ni marehemu wa siku nyingi. Hakuna sanamu yake ya shaba Kenyatta Avenue, na kazi zake za kwanza, zile za porini, zilisambaa na wateja wake bila karatasi yoyote. Labda moja iko juu ya rafu ya nyumba fulani Scotland, na mwenye nyumba anadhani ni ya Nigeria.

Ukipata nafasi, usimpite tu twiga wa lifti. Ukienda Mombasa, shuka Changamwe kwenye ushirika wa Akamba. Pale mafundi wanakaa vibandani wakichonga mbele yako, na bidhaa zinauzwa kwenye ukumbi mmoja wa pamoja. Chukua kinyago kimoja, kipindue. Chini yake utakuta namba. Kila fundi ana yake, ili pesa ya mauzo imfikie mwenyewe. Uliza namba hiyo ni ya nani na anakaa kibanda gani, kisha nenda ukamsalimie.